Kamba Tano za Zizini

Jina la Akonaay lilisomwa la nne.

Mzee Onesphory, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameishika simu mbali na macho kama kawaida yake, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua, akisoma taratibu ili hata kina mama waliokaa nje karibu na mlango wasikie. Kila Ijumaa katibu wake, Perpetua, humtumia picha za kurasa za daftari: zamu za usafi wa kanisa, majina ya waliotoa maharage ya paroko, na wagonjwa wa kuombewa. Kila Jumamosi asubuhi mzee huzisoma. Ni mtu makini, hajawahi kuruka jina la mtu.

"Tumwombee Akonaay Bura, miaka hamsini na miwili, wa hapa hapa Tlawi," alisoma. "Sonona kali. Alijaribu kujiua mara moja, mwezi wa tatu. Mke ameficha kamba zote za zizi. Aendelee na dawa. Tuombe."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia, maana midomo ilishazoea.

Judica naye aliitikia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine alipokuja kulifikiria baadaye, kwamba aliitikia pamoja na wenzake kabla hajaelewa kuwa anayeombewa ni mume wake, aliyekaa benchi la mbele na kofia yake magotini. Alipoelewa, Mzee Onesphory alikuwa ameshafika kwa mgonjwa wa tano, binti wa watu aliyepoteza mimba. Wa sita alikuwa mwalimu. Kuanzia wa sita sauti za kuitikia zilipungua, na wa tisa aliitikiwa na mzee peke yake. Hakuna aliyemgusa bega kumwambia, mzee, hebu acha. Watu ishirini na zaidi wazima, wenye masikio, walikaa wakasikiliza mpaka mwisho, na Judica hajawasamehe mpaka leo.

Akonaay hakuinua uso. Sadaka ilipopitishwa alitoa. Walipoachana alimpa kila mtu mkono, akaanza kushuka na njia ya nyumbani, na Judica nyuma yake hatua kama kumi, hakuthubutu kumfikia.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, dogo la kukasirisha. Perpetua alikuwa katibu wa jumuiya, na wakati huo huo mhudumu wa afya wa kujitolea katika Kituo cha Tuliza, kituo kidogo cha ushauri pale mjini Mbulu. Rejista ya wagonjwa hairuhusiwi kutoka kituoni. Kwa hiyo, ili ajue nani wa kumtembelea nyumbani na nani amekosa dawa, Perpetua alikuwa anazipiga picha kurasa zake kwa simu yake mwenyewe. Mratibu wa kituo alijua, na hakuona tabu. Rejista ni kaunta buku yenye mgongo mwekundu. Daftari la jumuiya nalo ni kaunta buku yenye mgongo mwekundu, zote za duka moja. Ijumaa ile Perpetua alikuwa safarini, gari linarukaruka, akachagua picha sita haraka haraka akamtumia mzee. Akazituma na kwenye kundi la simu la jumuiya, kama ilivyo desturi. Kufikia jioni zilikuwa kwenye kundi la wanakwaya na la wafugaji.

Lakini hilo la picha Judica alilijua baadaye. Jumamosi ile alijua jambo moja tu: maneno yale kuhusu kamba aliyasema yeye, kwa mdomo wake, kwa mtu mmoja tu, ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa.

Kwa sababu Akonaay mwenyewe alipokwenda kituoni alisema hana usingizi, basi. Lile la mwezi wa tatu hawakuwahi kulitaja hata wao wawili. Judica alimkuta, akamshika mkono, wakarudi ndani wakanywa uji. Perpetua ndiye aliyemwita Judica pembeni siku ile ya kliniki, dakika tano tu, akamwambia, "Mama Eva, sema yote. Linabaki humu humu." Perpetua, aliyemshika mtoto wao Eva siku ya ubatizo wake. Judica akasema yote, akalia, akatoka chumbani akiwa mwepesi. Na kwa miezi minne Akonaay aliamini kamba zake ziliibwa. Aligombana mpaka na jirani yake Gervasi kwa sababu hiyo. Wakati wa kukamua, ndama alikuwa anafungwa kwa kipande cha kitenge.

Sasa alijua nani aliyezichukua. Alilijua pamoja na kijiji kizima.

*

Gervasi alikuja Jumanne.

"Habari za hapa, Baba Eva."

"Nzuri. Karibu."

"Nimepita kumwangalia mtamba wangu."

"Mwangalie. Yupo."

Gervasi akamzunguka mtamba, akamshika mgongo, akasifu alivyonawiri. Halafu akasimama anaangalia miguu yake mwenyewe. "Sasa nilikuwa nafikiria, kule kwangu nimepata mtu wa kunisaidia kuchunga. Naona nikupunguzie kazi."

"Sawa," alisema Akonaay.

"Si kwa ubaya."

"Nimesema sawa."

Watu wa huku juu hawaweki ng'ombe wao wote zizini kwao. Mwenye wengi humpa wachache mtu anayemwamini akae nao, anywe maziwa, samadi apeleke shambani, na ndama wakizaliwa wanajulikana ni wa nani. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haumalizi mali yote. Kwa hiyo mtu anayetunza ng'ombe wa wenzake ametajwa hivyo hivyo bila maneno kwamba ni mtu. Akonaay alikuwa na wawili wake na saba wa watu. Gervasi alichukua mmoja. Jumatano mjane wa kule juu akachukua mmoja, akasema anataka kumuuza. Ijumaa akaja mwalimu mstaafu, huyu hata hakutafuta sababu. Alisema tu kwamba amekuja, akamswaga wake, akaenda.

Hakuna aliyefunga mnyama kwa kamba ya pale. Wote walikuja na kamba zao mkononi. Judica aliliona hilo mara ya kwanza, akaliona na mara ya pili. Maana yake walikuwa wamesikiliza vizuri kabisa wakati wa sala.

Akonaay hakugomba, na hakuuliza kitu. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikuwa anakula kidogo, anaondoka, anarudi, anasema "asante" akipewa chai kama mgeni. Dawa zake zilikaa juu ya kabati karibu na picha ya harusi. Kila asubuhi Judica alizihesabu. Tangu Jumamosi ile hakikupungua hata kidonge kimoja, na tarehe ya kurudi kliniki ilipita. Ng'ombe wangeweza kwenda wote, angevumilia. Vidonge vile kukaa palepale ndiko kulikomkosesha raha.

*

Wiki ya pili gari la kituo lilipanda mpaka mlangoni. Alishuka Herman, mratibu, kijana mwenye shati safi lililochomekewa, na nyuma yake Perpetua, amejifunika khanga mpaka kidevuni. Walikuwa na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Akonaay alikuwa bondeni anapalilia. Aliliona gari, akainama tena.

"Shikamoo mama," alisema Herman.

"Marahaba."

Alikaa kwenye kiti alichopewa na kuweka bahasha magotini. Akaeleza kwamba kituo kimesikitika sana, kwamba ni jambo la bahati mbaya, kwamba hata wao kama kituo wameumia.

"Mmeumia wapi?" aliuliza Judica. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Herman akakohoa. Akatoa karatasi. "Hii ni ya kumbukumbu tu. Inasema tumefika, tumeomba radhi, familia imeridhika. Mzee hayupo, basi wewe kama mke unaweza kusaini hapa chini."

Judica aliipokea. Alisoma mpaka darasa la saba na hajasahau kusoma. Mstari wa mwisho ulisema familia haitakuwa na madai yoyote dhidi ya kituo wala watumishi wake, sasa na baadaye. Alirudia kuusoma. Perpetua alikuwa anaangalia kuku.

"Dada Perpetua," alisema Judica, "uliniambia linabaki humu humu."

"Nilikosea picha, Mama Eva. Madaftari yanafanana."

"Picha ulikosea. Kuipiga je?"

Perpetua aliivuta khanga. Machozi yalimtoka, akayaacha. Herman akasema kwa sauti ya chini kwamba wakilipeleka mbele jambo hili, Perpetua ndiye atakayeumia, kwa sababu simu ilikuwa yake na si ya kituo. "Na ninyi ni kama ndugu," aliongeza.

Judica alimwangalia Perpetua. Kumbe ndiyo maana mwanamke huyu aliletwa. Hakuletwa kuomba msamaha, aliletwa ili aonekane. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Herman, imeshafunguliwa.

"Mwenye nyumba hayupo," alisema Judica. "Acheni karatasi."

Waliiacha, pamoja na sukari. Alitamani wangeondoka na sukari.

*

Natalia, msaidizi wa kisheria, ana chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule pale Mbulu mjini. Alimwamkia Judica, akamkaribisha kiti chenye mto, akafunga mlango. Judica aliuangalia mlango ule uliofungwa, kisha taratibu akatoa karatasi na simu. Natalia hakumharakisha. Alisoma karatasi ya Herman, kisha zile picha za rejista kwenye simu ya Judica.

"Hii usisaini," alisema. "Wewe wala baba. Sukari mmeshakula?"

"Bado."

"Kuleni. Sukari haina saini."

Judica alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Natalia akaeleza polepole, bila maneno makubwa. Kwamba ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na habari za ugonjwa wa mtu ni katika zile zinazolindwa kuliko nyingine. Kwamba wanaweza kuanza kwa barua kwa kituo, kudai maelezo ya maandishi: nani aliruhusu rejista ipigwe picha, kwa simu ya nani, na wamefanya nini kuzifuta. Kwamba ipo Tume Dodoma inayopokea malalamiko ya namna hii na kuyachunguza, na fidia inaweza kudaiwa. Mahakamani pia inawezekana, ila huko atahitaji wakili na moyo wa kungoja.

"Na Perpetua?"

"Mwenye dhamana ni kituo, mama. Rejista ni ya kituo. Walijua anapiga picha, wakanyamaza kwa sababu kazi zinaenda. Wasikutishe naye."

"Nikishinda," Judica aliuliza, "watu watasahau?"

"Hapana," alisema Natalia.

Judica alimshukuru moyoni kwa jibu lile. Alikuwa amechoka na watu wa kumtuliza.

Halafu Natalia akaigeuza simu, akaonyesha mstari kwa kidole. "Kuna jambo moja lazima nikwambie, nisije nikakuficha. Hapa wameandika alijaribu. Kwenye sheria zetu za jinai, kujaribu ni kosa mpaka leo. Mimi sijaona hapa mtu akishtakiwa kwa hilo, na sidhani kama kuna atakayemsumbua mgonjwa. Lakini kifungu kipo. Baba akilalamika kwa jina lake, lazima aseme ni kitu gani kilichotoka. Anatakiwa alijue hilo kabla hajashika kalamu."

"Basi hawezi," alisema Judica. "Walimtangaza, na akisema wamemtangaza anakuwa mkosaji."

"Nitazungumza na wakili tuone namna ya kuandika. Lakini angalia na huku." Kidole kikashuka. "Taarifa kutoka kwa: Judica, mke. Namba ya simu. Uliyoyasema. Hizi ni taarifa zako wewe. Na wewe ni mlalamikaji."

Judica aliangalia jina lake. Wiki mbili alikuwa amejiona msaliti tu, mwanamke aliyetoa siri ya ndani akaipeleka mjini. Haikumpitia akilini kwamba na yeye kuna kitu alichoibiwa. Alitoa leso akafuta pua.

"Ila chako kimefungwa pamoja na chake," alisema Natalia, akimpa fomu ya malalamiko. "Siwezi kukwambia uandike bila yeye kujua. Ongea naye."

"Hatuongei."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia."

*

Margwe alifika Alhamisi, ametokea Katesh, kule Hanang. Baba yake aliwahi kumwekea baba yake Akonaay ng'ombe wawili, kabla hawa wanaume hawajabalehe, na uzao wa wale wawili haukuwahi kukosekana katika zizi lile. Sasa walikuwa wanne. Judica alipomwona anapanda na fimbo yake, blanketi begani, alifurahi kwanza. Aliwaza kwamba huyu amekuja kumpa pole mwenzake.

Alipewa kigoda, akapewa maziwa. Aliuliza habari za mvua, za Eva shuleni, za mahindi. Akanywa maziwa yote. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Vijana wangu wameona mambo kwenye simu," alisema. "Mimi niliwaambia huyu ni ndugu. Wamesema ng'ombe warudi Hanang."

"Vijana wamesema," alirudia Akonaay.

"Mali sasa ni yao, mimi nimezeeka. Lori linangoja barabarani." Margwe aligeuza fimbo mikononi. Hakuwa amekuja na kamba. Pengine hakufikiria, au pengine aliona aibu kuja nazo, na wakati huo Judica alimchukia kidogo kwa adabu yake. "Utanisaidia kamba, ndugu yangu."

Kuku walisikika wakiparua. Akonaay alimgeukia mke wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika majuma yale.

"Mama Eva," alisema, "kalete kamba."

Hazikuwa pale nyumbani. Ilimbidi aseme. "Ziko kwa Perpetua."

Akonaay alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa hesabu na kuikuta ni ileile aliyoihofia. Margwe aliangalia mlima.

Judica alikwenda kwa miguu, karibu anakimbia. Perpetua alikuwa anachambua maharage barazani. Alipoona nani anakuja alisimama, maharage yakamwagika.

"Nimefuata zile kamba."

Perpetua aliingia ndani akatoka na mfuko wa mbolea uliofungwa mdomo. Alikuwa amezitunza vizuri, zimekunjwa moja moja. "Wamenisimamisha kituoni," alisema. "Herman ameandika kwamba nilifanya kwa siri. Aliniona kila siku nikipiga zile picha, Judica. Yeye ndiye aliyenishikia rejista ipate mwanga."

"Hilo utaliandika?"

"Nani atanisikiliza?"

"Mimi sijui. Nakuuliza kama utaliandika."

Perpetua aliinama kuokota maharage. Judica akauweka mfuko kichwani. Alitaka kumwambia neno moja baya la kumkaa maisha, na neno lilikuwepo, lakini alikumbuka mikono ile ikimshika Eva juu ya maji ya ubatizo, akageuka akaenda.

Ng'ombe wanne walifungwa, kamba nne. Akonaay aliwafunga mwenyewe, akiita kila mmoja kwa jina lake. Margwe alisema atazirudisha kamba. "Nenda nazo," alisema Akonaay. Wakasindikizana mpaka barabarani kama inavyotakiwa, wakapeana mkono, na lori likateremka.

Waliporudi, zizi lilikuwa na ng'ombe wao wawili tu, wamesimama mbali mbali. Akonaay alikaa kwenye kigoda cha mgeni.

"Ile karatasi ya mjini iko wapi? Nimeiona kwenye mkoba wako."

Alimletea fomu. Judica akamweleza yote ya Natalia, na lile la kosa pia, hakuficha. Akonaay alisikiliza huku akiangalia mikono yake.

"Mimi sitaandika," alisema. "Wewe andika. Kwa jina lako. Waulizwe." Akamrudishia fomu. "Lakini uandike na hili. Kwamba mke alimwambia mtu wa kituo kabla ya kuniambia mimi. Kwamba nilikuwa wa mwisho kujua habari za nyumbani kwangu, na nilizijulia kwenye sala."

"Baba Eva, niliogopa."

"Najua. Andika na hilo."

Aliandika palepale, fomu ikiwa juu ya sinia. Aliandika kwamba aliogopa. Aliandika kwamba aliambiwa neno litabaki chumbani na halikubaki. Aliandika na lile alilotakiwa kuandika, na herufi zake zilikuwa mbaya hapo, zimelala. Akonaay aliisoma yote, akairudisha bila kusahihisha kitu.

"Dawa nitakunywa," alisema. "Jumatatu nitakwenda hospitali nyingine, nitaulizia huko. Ila kwa daktari nitaingia peke yangu."

"Sawa."

"Wewe utakaa nje."

"Sawa, Baba Eva."

Kamba ya tano ilikuwa bado ndani ya mfuko. Akonaay aliitoa, akaikunja mara tatu kama ilivyokuwa imekunjwa, akaiweka mikononi mwa mke wake, akavifumba vidole vya Judica juu yake.

"Hii ifiche," alisema. "Nisijue iko wapi. Na safari hii usimwambie mtu."

Judica alisema ndiyo. Alisimama katikati ya uwanja na kamba yake, akijua kabisa kwamba iko siku atahitaji kumwambia mtu, akiwapitisha akilini mmoja mmoja watu wote anaowafahamu, kuanzia Tlawi mpaka mjini, na hakumpata hata mmoja.